Somo: Kukata Mafuta na Kujenga Misuli kwa Mtu Aliyewahi Kuumia Mgongo

Somo hili linamhusu mtu aliyeumia mgongo miaka kadhaa iliyopita, iwe kwa ajali ya bodaboda, kwa kubeba gunia au kwa mpira wa mtaani, akatibiwa na kupata nafuu, lakini tangu hapo akawa anauogopa mgongo wake hadi mwili ukalegea na kitambi kikajaa. Mtu huyu akiingia jimu hupewa ushauri wa aina mbili unaopingana: mmoja humwambia asiguse chuma maisha yake yote, na mwingine humpandisha chuma begani siku ya kwanza. Wote wawili wanaamini kwamba msuli hujengwa na uzito uliomo mkononi. Kwa kweli msuli hujengwa na kazi inayoufikisha karibu na kushindwa, na tafiti zimeonyesha kuwa seti (marudio yanayofanywa mfululizo kabla ya kupumzika) ya marudio 30 ya uzito mwepesi hukuza msuli karibu sawa na seti ya marudio 8 ya uzito mkubwa, ilimradi zote mbili zisogee karibu na pale ambapo rudio jingine haliwezekani. Vyuma vizito vina faida kubwa zaidi kwa anayetafuta nguvu ya mashindano. Anayetaka mwili mkavu wenye misuli anaweza kufika huko bila kuubebesha uti wa mgongo mzigo usio wa lazima.

Hatua ya kwanza: hakikisha jeraha ni la zamani kweli

Kabla ya zoezi lolote, jipime kwa maswali machache. Je, una ganzi sehemu za siri au kwenye mapaja kwa ndani? Je, unashindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo unakataa kutoka? Je, mguu mmoja unazidi kuishiwa nguvu? Ukijibu ndiyo hata kwa moja kati ya hayo, nenda hospitali leo hii, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito bila sababu, vikiandamana na maumivu ya mgongo, navyo vinahitaji daktari, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia pia pingili za uti wa mgongo, na kwetu ugonjwa huo si wa kupuuzwa.

Kama daktari amekuruhusu kufanya mazoezi, usiache majibu ya picha ya MRI yakutie woga kupita kiasi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliyohusu watu wasio na maumivu yoyote, yalikuta diski (vibao laini vilivyo kati ya pingili za mgongo) zilizotuna kwa takriban asilimia 30 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Picha inaonyesha umbo la diski. Haionyeshi ni kazi gani mwili wako unaweza kuimudu.

Hatua ya pili: jua mgongo wako unakataa nini

Kwa wiki nzima, andika kwenye daftari ni wakati gani maumivu yanaongezeka. Anayeumia zaidi akikaa muda mrefu kwenye daladala, akifunga kamba za viatu au akiinamia beseni la nguo, mgongo wake unakataa kuinama. Anayeumia zaidi akisimama foleni ndefu au akiinua mikono kufikia rafu ya juu, lakini anapata nafuu akikaa, mgongo wake unakataa kupinda nyuma. Makundi haya mawili hayafai kupewa programu moja, na ninashangaa ni walimu wangapi wa mazoezi hawaulizi jambo hilo kabla ya kumpokea mtu.

Kwa kundi la kwanza, asubuhi ndio wakati wa kujihadhari zaidi. Usiku diski hufyonza maji na kuvimba kiasi kwamba mtu huamka akiwa mrefu zaidi kwa sentimita moja au hata karibu mbili, na diski iliyojaa hivyo hubanwa zaidi mtu anapoinama. Kwa hiyo usifanye mazoezi ya kuinama katika saa ya kwanza baada ya kuamka. Usifagie uwanja kwa fagio fupi la chelewa wala kudeki kwa kuinamia tambara muda huo. Funga fagio kwenye mpini mrefu, au subiri jua lipande.

Hatua ya tatu: uimarishe mzunguko wa kiuno

Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada aliyefanya utafiti wa uti wa mgongo kwa miongo kadhaa, anapendekeza mazoezi matatu ambayo hayahitaji kifaa chochote. La kwanza, lala chali, kunja goti moja, weka viganja chini ya uwazi wa kiuno, kisha inua kichwa na mabega sentimita chache tu bila kuukunja mgongo wa chini. La pili, lala ubavu, egemea kiwiko, inua nyonga hadi mwili unyooke. Anayeanza akunje magoti. La tatu, jiweke kama mtoto anayetambaa, kisha nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja bila kiuno kuyumba, halafu ubadilishe. Shikilia kila rudio kwa sekunde 10. Anza na marudio 6, pumzika, fanya 4, pumzika, malizia na 2.

Achana na zoezi la kulala chali na kuinuka hadi magotini, ambalo wengi hulifanya wakidhani linayeyusha kitambi. Hakuna zoezi linalochagua mahali pa kutoa mafuta, na hilo huubana mgongo wa chini kwa nguvu kubwa kila mara unapoinuka.

Hatua ya nne: chagua mazoezi yanayochosha msuli kabla ya mgongo

Hapa ndipo penye uzito wa somo lote. Kila msuli unaotaka kuukuza una zaidi ya njia moja ya kuchoshwa, na kazi yako ni kuchagua njia ambayo paja, kifua au bega litasalimu amri mgongo ukiwa bado haujasumbuliwa.

Kwa miguu, badala ya kuchuchumaa na chuma begani, weka mguu mmoja nyuma juu ya benchi au kiti imara, ushuke na kupanda kwa mguu wa mbele. Dambeli ya kilo 10 kila mkono inatosha kabisa kumtoa jasho mtu aliyezoea kuchuchumaa na kilo 80, kwa sababu karibu kazi yote inabebwa na mguu mmoja, na mgongo unabaki wima. Kwa makalio na nyuma ya mapaja, lala chali ukiwa umekunja magoti, uinue nyonga. Likiwa jepesi, tumia mguu mmoja. Kwa mgongo wa juu, lala kifudifudi juu ya benchi lililoinuliwa upande mmoja, uvute dambeli kuelekea mbavuni, ili benchi libebe kile ambacho kiuno kingebeba. Pushapu zinatosha kwa kifua, mradi nyonga isining'inie. Kwa mabega, sukuma dambeli juu kwa mkono mmoja mmoja ukiwa umepiga goti moja. Na kama wewe ni wa kundi la pili, ishia usawa wa uso, au badilisha kwa kuinua dambeli nyepesi pembeni.

Zoezi la mwisho lina kifaa ambacho kila nyumba inacho. Jaza maji dumu la lita 10, lishike kwa mkono mmoja, tembea mita 20 hadi 30 bila kuegemea upande wowote, kisha ubadilishe mkono. Misuli ya ubavu ulio kinyume na dumu hulazimika kuushikilia mgongo usipinde, na hiyo ndiyo kazi unayoihitaji unapobeba kikapu cha sokoni. Kuliokota na kulitua dumu, rudisha nyonga nyuma na kunja magoti, usiukunje mgongo.

Fanya mazoezi siku tatu kwa wiki, kila kundi la misuli likiguswa angalau mara mbili, hadi lipate jumla ya seti 8 hadi 10 kwa wiki. Kaa kati ya marudio 10 na 20, shuka taratibu kwa sekunde tatu, na simama ukiwa na rudio moja au mawili yaliyobaki. Kama mkao umeharibika, seti imekwisha hata kama hesabu haijatimia. Maumivu yasiyozidi 3 kati ya 10, yanayorudi katika hali yake ya kawaida ndani ya saa 24, yanavumilika; yakizidi hapo au yakianza kushuka mguuni, punguza uzito au badilisha zoezi. Usiongeze uzito na marudio katika wiki moja.

Hatua ya tano: chakula

Mafuta hupungua unapokula pungufu ya unachotumia, na upungufu wa kalori 300 hadi 500 kwa siku unatosha. Lenga kushuka kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito wako kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 80 ni gramu 400 hadi 800. Anayejinyima hadi kushuka kilo tatu kwa wiki hupoteza na misuli pia, ikiwemo ile inayoshikilia kiuno, na kwa mwenye historia ya mgongo hiyo ni hasara maradufu.

Protini iwe karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani takriban gramu 128 kwa mtu huyo huyo. Kiasi hicho hakihitaji makopo ya unga. Mayai matatu yana takriban gramu 18, nusu lita ya maziwa au mtindi gramu 16, gramu 200 za kuku au samaki aliyepikwa zaidi ya 50, vikombe viwili vya maharage yaliyoiva karibu 30, na kinachobaki kinatoka kwenye ugali au wali wenyewe. Dagaa wakavu ni hazina, maana zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Pa kupunguza ni kwenye mafuta ya kupikia, ambayo kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120, pamoja na soda na sukari ya chai. Huna haja ya kuufuta ugali. Punguza bonge, ongeza mboga na kitoweo.

Hatua ya sita: tembea

Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2024 kwenye jarida la Lancet uliwahusisha watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo. Waliopewa mpango wa kutembea pamoja na mafunzo walikaa siku 208 kwa wastani wa kati kabla maumivu hayajarudi, na wasiopewa walikaa 112. Anza na dakika 10 na uongeze polepole hadi dakika 30, mara tano kwa wiki. Kushuka kituo kimoja kabla ya chako kunahesabika.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa lori, naishi Mwanza. Je, nivae mkanda wa mgongo ninapoendesha na ninapofanya mazoezi?*

Marahaba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda kama tiba ya kawaida. Kama daktari alikupa kwa sababu maalumu, muulize yeye hadi lini. Kitakachokusaidia zaidi barabarani ni taulo iliyokunjwa nyuma ya kiuno, kusimama na kutembea dakika chache kila unapopata nafasi, na kutoruka kutoka kwenye kabini wala kushusha mzigo mara tu baada ya safari ndefu.

*Assalaam alaykum. Ramadhani nifanye mazoezi saa ngapi, na je, rukuu inaweza kuniumiza? Niko Mombasa.*

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Fanya saa moja au mbili baada ya kufuturu, kwa seti pungufu, na protini uigawe kati ya futari, chakula cha usiku na daku. Usiimalize yote kwenye sambusa na mahamri. Kuhusu rukuu, ile inayofanywa huku mgongo umenyooka ni mkunjo wa nyonga ule ule tunaofundisha jimu, hivyo kwa wengi haina shida. Anayeinama kwa kuupinda mgongo ndiye anayeumia. Ukishindwa kabisa, ruhusa ya kuswali kwa kukaa ipo, na shehe wako atakueleza utaratibu wake.

*Kocha, kuna jamaa hapa Dodoma ananiuzia kreatini na sindano za kujaza mwili haraka. Ushauri?*

Hivyo ni vitu viwili tofauti, ndugu yangu. Kreatini, kirutubisho kinachotumiwa na wanaojenga misuli, kwa gramu 3 hadi 5 kwa siku, imechunguzwa sana na ni salama kwa mtu mwenye figo nzima, ingawa msaada wake ni mdogo kuliko wa chakula. Sindano zinazouzwa mkononi kwa kawaida ni homoni za steroidi, ambazo huathiri moyo na uwezo wa kuzaa. Usizinunue.

*Nimefuata programu mwezi wa pili sasa. Mizani haijashuka hata kilo, lakini suruali inalegea. Nakosea wapi?*

Hukosei. Mafuta yanatoka huku msuli ukiingia, jambo la kawaida kwa anayeanza. Tumia futi ya fundi cherehani, pima usawa wa kitovu kila Jumapili asubuhi, na mizani iangalie kwa wastani wa wiki tu.

*Nikijisikia maumivu huwa nameza diklofenaki kabla ya kwenda jimu ili nimalize zoezi. Ni sawa?*

Si sawa. Dawa inakuzibia habari unayoihitaji ili kujua uzito gani umezidi, na ikitumiwa mara kwa mara huumiza tumbo na figo. Maumivu yakirudi, usilale kitandani wiki nzima. Tembea kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, endelea na yale mazoezi matatu ya kiuno kwa kiwango kisichochokoza, na acha mazoezi ya vyuma ya miguu kwa siku chache huku ya mikono ukiyafanya umekaa au umelala. Unaporudi, anza na nusu ya uzito uliokuwa unautumia. Kama baada ya wiki mbili hali haijabadilika, mwone mtaalamu wa fiziotherapia umwonyeshe daftari lako.