Kupata mgahawa wa Kichina mzuri na wa bei nafuu Dar: hatua ninazofuata mimi

Natoa mizigo ya wafanyabiashara Kariakoo, na nimewahi kufuata mzigo hadi Guangzhou, China. Wiki iliyopita binamu yangu kahamia Dar kutoka Singida, akanisumbua: "Kaka, chakula cha Kichina cha kweli nakipata wapi bila kuuza simu?" Nilimwandikia hivi.

1. Eneo. Masaki unalipia upepo wa bahari. Anzia Kariakoo, kwenye mitaa ya maduka ya jumla ya Wachina.

2. Tazama walaji. Nyota za kwenye ramani mimi sizifuati. Wengi wanaozitoa wanasifia taa na viti. Nenda saa sita na robo mchana, maana Wachina hula mapema, na ukifika saa nane mpishi kashalala kwenye kiti. Ukiona pikapu zenye vumbi la saiti nje, na ndani watu wanne wamezunguka meza moja wanachota sahani zilezile, ingia. Ukutani pakiwa na karatasi zilizoandikwa kwa mkono, hivyo ndivyo vyakula vya siku hiyo. Wakikuletea menyu yenye piza na baga, aga kwa heshima.

3. Ulizia nyama. Kama unakula kitimoto, ruka hatua hii. Kama huli, soma mara mbili.

Nilimpeleka shemeji mahali fulani mjini, tukaagiza maharage machanga ya kukaangwa. Nikamuuliza mhudumu, "Kuna nguruwe?" Akajibu hapana, hiyo ni mboga. Sahani iko nusu, shemeji akanyanyua kwa kijiko punje ndogo za kahawia: "Na hizi?" Akaitwa mpishi, akatuambia "rou", yaani nyama. Ya nini? "Rou." Karibu saa nzima tulibishana mpaka nikaelewa: kwa Wachina wengi, ukisema "rou" peke yake bila kutaja mnyama, ni nguruwe. Ng'ombe ni "niu rou", mbuzi au kondoo "yang rou". Mhudumu hakudanganya, kwake mboga ni mboga, hata ikinyunyiziwa nyama ya kusaga. Shemeji alisukutua, akapanda daladala, hakunisemesha mpaka Magomeni.

Kwa hiyo usiulize "kuna nguruwe?" Uliza: mnaweka nyama ya kusaga? Ya mnyama gani? Mmekaangia mafuta gani? Maana mafuta ya nguruwe nayo yapo. Vyakula vya kuvichunga ni maharage machanga, bilinganya, na tofu ya mapo, yaani jibini la soya kwenye mchuzi wa pilipili: hiyo asili yake huwekwa nyama ya ng'ombe, lakini majiko mengi huweka nguruwe. Hifadhi kwenye simu maneno haya umwonyeshe mpishi mwenyewe: 我不吃猪肉，也不吃猪油, yaani sili nyama wala mafuta ya nguruwe.

Programu za kutafsiri menyu kwa kamera siziamini. Yangu iliniletea "vipande vya mapafu ya mume na mke". Kumbe ni nyama na matumbo ya ng'ombe, chakula cha baridi cha jimbo la Sichuan, kitamu mno.

Ukiona maandishi 清真 mlangoni, mgahawa unajitambulisha kuwa wa halali. Tambi za Lanzhou, zile zinazovutwa kwa mkono, asili yake ni kwa Wahui, jamii ya Waislamu wa China. Nilizila karibu kila siku pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou. Ila tambi za ng'ombe kwenye mgahawa usio na maandishi hayo zinaweza kupikiwa karai lililotoka kukaangia nguruwe. Hapo napo uliza.

4. Kuagiza. Sahani ni za kuchangia. Watu watatu, sahani tatu, na wali mweupe kila mtu bakuli lake. Kila mtu akiagiza yake kama kwa mama ntilie, mtabeba nusu nyumbani. Samaki hai wa kwenye tangi huuzwa kwa kilo: apimwe mbele yako, utajiwe bei kabla hajaguswa kisu.

5. Bili. Uliza mapema kama bei ina VAT. Isipokuwemo, asilimia 18 inageuza 50,000 kuwa 59,000. Dai risiti, na mabaki wakufungie. Bilinganya za jana, ukizila asubuhi na chapati, jaribu.