Kabla hujachomeka feni, taa au ruta kwenye USB ya kompyuta, piga hesabu kwanza

Umeme ukikatika pale stationari kwangu watu wanakuja na waya mkononi, "kaka naomba nichomeke kidogo kwenye laptopu yako", utadhani laptopu ni jenereta. Sikatai, ila siku hizi nauliza kwanza hicho kitu kinakula ampia ngapi, na mtu ananiangalia kama nimemuuliza mahari ya dada yake. Yani tumezoea kwamba waya ukiingia kwenye tundu basi imekubali, wakati tundu la USB linapokea chochote chenye kichwa kile, hata kitu ambacho halina uwezo wa kukilisha.

Kwaiyo cha kwanza kabisa ni kusoma lebo. Iko nyuma ya kifaa au chini yake, maandishi madogo kama sisimizi, unatafuta namba mbili tu, volti na ampia. Tundu la kawaida la USB, lile la mstatili, linatoa volti 5. Ampia ndo zinatofautiana: USB 2.0, ile iliyotoka mwaka 2000 na mara nyingi ulimi wake wa ndani ni mweusi au mweupe, imepangiwa miliampia 500 (miliampia 1000 ndo ampia 1), zidisha mara volti 5 unapata wati 2.5. USB 3.0 ya mwaka 2008, mara nyingi ulimi wa bluu, ni miliampia 900, yani wati 4.5. Hilo tundu dogo la mviringo la Type-C linaweza kwenda mpaka ampia 3, wati 15, ila sio kila laptopu inatoa zote hizo, nyingine zinaishia ampia 1.5 au hata chini ya hapo. Ukiona lebo ya kifaa imeandikwa 5V 0.3A hapo cheka, ukiona 5V 2A ujue unataka kumbebesha punda mzigo wa fuso.

Taa za LED zile za kijiti ndo mteja mzuri kuliko wote, nyingi zinakula wati 1 au 1.5, laptopu hata haisikii. Skana ya bakodi, mausi, kibodi, hivyo havina maneno. Feni ndogo ya mezani inakula kama wati 2 hivi ikishazunguka, ila kumbuka mota inapoanza inavuta mara kadhaa ya ule umeme wa kawaida kwa muda mfupi, na ukiizuia panga isizunguke inaendelea kuvuta hivyo hivyo, ndo maana feni iliyojaa vumbi na nywele inaweza kuzima tundu wakati ile ile ilivyokuwa mpya ilikuwa haina shida. Isafishe kabla hujalaumu kompyuta.

Alafu kuna vitu vya joto, hapa niwe mkweli mi sivielewi kabisa. Kuna visahani vya USB vya kupashia chai. Chukua kikombe cha mililita 250, maji ya nyuzi 25, unataka yafike 60, piga hesabu yake inakuja kama jouli 36,750, na kwa wati 2.5 ni sekunde 14,700, yani saa nne na zaidi, tena hapo tumedanganyana kwamba hakuna joto linalopotea hewani. Chai inapoa haraka kuliko hicho kisahani kinavyoipasha. Labda kama imewekwa tayari ya moto na unataka ichelewe kupoa kidogo, sawa.

Sasa simu, maana ndo kesi kubwa. Simu yenye betri ya miliampia-saa 5000 ina kama wati-saa 19 ndani. Ikichomekwa kwenye kompyuta inaongea na tundu kupitia zile waya mbili za data, inagundua hii sio chaja ya ukutani, inajishusha yenyewe mpaka miliampia 500, kwaiyo kuijaza toka sifuri ni masaa manane, tisa, na kuendelea. Watu wanasema simu imeharibika haiingizi chaji, kumbe ina adabu tu. Lakini linaloniuma mimi ni upande wa pili, laptopu ya kawaida betri yake ni kama wati-saa 45 ikiwa mpya, na ukijumlisha kinachopotea njiani, simu moja ikijaa imekula karibu nusu ya betri yako. Nusu! Alafu mwenye simu anasema asante anaondoka, mteja anakuja na flashi anataka kuchapa barua ya kazi, laptopu imebaki asilimia nane. Kama umeme umekatika na kazi yako iko ndani ya hiyo kompyuta, simu ipeleke kwenye pawabanki.

Ruta nayo ina mtego wake. Siku hizi zinauzwa waya zenye kidude katikati kinachopandisha volti 5 kuwa 9 au 12, upande mmoja USB upande mwingine pini ya duara ya ruta, na muuzaji atakwambia inafanya kazi kwenye USB yoyote. Hapana. Volti ikipanda ampia lazima zitoke mahali. Tuseme ruta yako ya volti 12 inatumia wati 5 ikiwa imetulia (ile 12V 1A iliyoandikwa kwenye adapta ni kiwango cha juu cha adapta, sio lazima ruta inakula yote hiyo), kidude kile nacho kinapoteza kidogo kwa joto, kwaiyo upande wa USB inavuta karibu wati 6, gawa kwa 5 ni ampia 1.2. USB 2.0 imepita mara mbili na zaidi, USB 3.0 pia imepita. Matokeo yake ruta inawaka taa zote, unafurahi, watu wanne wakiingia kwenye wifi inazima na kuwaka upya, unaanza kulaumu bando. Waya zile zimefaa pawabanki yenye tundu la ampia 2, hapo hazina shida kabisa. Na kabla hujachomeka hakikisha ni 9 au 12 kulingana na ruta yako, na plasi iko katikati ya pini au nje, kuna kamchoro ka duara kwenye lebo kanaonyesha, usikadharau.

Waya wenyewe ndo kitu watu hawakiangalii kabisa. Waya mwembamba unakula volti njiani. Mfano zile zenye nyuzi za kipimo cha 28 (yani 28AWG), kila mita moja ina ukinzani wa kama omu 0.21, na umeme unaenda na kurudi, kwaiyo waya wa mita 2 ni mita 4 za safari, kama omu 0.85. Ukipitisha miliampia 500 unapoteza volti 0.4 na kidogo, ukipitisha ampia nzima kifaa kinapata volti 4.15 badala ya 5, na vingi hapo vinagoma. Nilihangaika siku mbili na modemu ya intaneti iliyokuwa inakatika katika, nimeshabadilisha laini, nimeshaingiza drava (programu ya kuiendesha) upya, kumbe nimeiwekea waya wa kurefusha wa mita 3 ili niipandishe dirishani ipate mtandao. Modemu zenyewe mtandao ukiwa dhaifu ndo zinavuta umeme zaidi, maana zinapiga kelele zaidi kuufikia mnara, kwaiyo kule dirishani nilikuwa naitafutia mtandao huku nainyonga kwa waya. Nikaweka mfupi mnene, kimya. Waya za kuchajia ukinunua angalia kama ubavuni umeandikwa 24AWG, namba ikipungua nyuzi ni nene zaidi, hii inachanganya watu.

Na waya wa Type-C usiokote okote. Kuna injinia wa Google anaitwa Benson Leung, mwaka 2015 alianza kununua waya za USB-C mtandaoni na kuzipima moja moja na kuandika majibu hadharani, mwanzoni mwa 2016 akakutana na mmoja ambao ndani umeunganishwa ovyo, plasi na hasi zimebadilishana, ukamuulia laptopu aliyokuwa anapimia. Mwingine tatizo lake ni kirezista cha ndani, kale kadude ka kuzuia umeme, kikiwekwa kisicho sahihi waya unaiambia simu "vuta ampia 3" wakati upande wa pili ni tundu la kompyuta la USB 2.0. Simu haina kosa, imeambiwa ivute, imevuta.

Hadidiski za nje. Zile ndogo za inchi 2.5 zinaweza kukaribia ampia moja pale sahani inapoanza kuzunguka, ndo maana ukisikia tik, tik, tik alafu kimya, usikimbilie kusema imekufa na data zako zimeenda. Ihamishie tundu la nyuma la kompyuta ya mezani, waya mfupi, jaribu tena. Za nyuma ziko kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, moja kwa moja, za mbele zinapita kwenye vijiwaya vya ndani ya kasha na mara nyingine vimeshalegea. Zile kubwa za inchi 3.5 zinataka na volti 12, hizo bila adapta yake ya ukutani sahau. Na hadidiski usiipe tundu moja na kitu kingine kupitia habu (kile kidude cha kugawa tundu moja kuwa mengi) isiyo na umeme wake, hii ni muhimu kwa sababu ikizima katikati ya kuandika ndo mafaili yanaharibika.

Habu yenyewe, ile ya tundu nne, haizalishi umeme. Imepewa miliampia 500 na kompyuta, inajibakizia zake 100, kila tundu kwa utaratibu linastahili 100 tu. Mtu anachomeka feni, taa, simu na printa ndogo anashangaa mbona mausi inagoma. Kama lazima uwe na vitu vingi nunua habu yenye adapta yake, ila hizo nazo za bei chee kuna ambazo zinarudisha umeme kwenye kompyuta. Utaijua hivi, umezima kompyuta, umechomoa kabisa ukutani, lakini bado taa ya kibodi au feni ndogo iliyochomekwa kwenye kompyuta yenyewe, sio kwenye habu, inawaka au inazunguka. Hiyo itoe, inasukuma umeme mahali ambapo haukutakiwa kwenda.

Wanafunzi wa Arduino, zile bodi ndogo za kujifunzia elektroniki na programu, na nyie mnisikilize kidogo. Arduino Uno ina fyuzi ndogo ya miliampia 500 kwenye njia ya USB, inayojirudi yenyewe ikipoa, kwaiyo inakulindia kompyuta kwa kiasi fulani, ila bodi zilizoigwa sio zote wamekumbuka kuiweka. Servo (mota ya kugeuza kitu kwa kipimo) moja ndogo ikiwa hewani inacheza vizuri, ikibanwa tu inavuta umeme wa kutosha bodi kujizima na kuwaka upya, na utakaa usiku kucha unatafuta kosa kwenye kodi. Mota zipe betri yake, unganisha hasi na hasi tu.

Ukizidisha kinatokea nini? Mara nyingi Windows inakutolea ujumbe kwamba kifaa kinataka umeme kuliko uwezo, na tundu linazimwa. Usilie. Chomoa, zima kompyuta, itoe kwenye umeme kabisa, subiri dakika kumi, washa, mara nyingi linarudi. Ila usiizoee hiyo tabia, maana sio kila madabodi imelindwa vizuri, na kuna tundu mbili zinazochangia fyuzi moja, ukiua moja na jirani yake kaenda.

Kitu kingine ni usingizi. Ukifunga laptopu tundu nyingi zinakata umeme, isipokuwa lile lenye alama ya radi au betri pembeni yake, hilo ndo la kuchajia hata kompyuta ikilala. Na kama kifaa kinazima zima chenyewe wakati kompyuta iko macho, ingia Device Manager, fungua USB Root Hub, kwenye Power Management toa tiki ile inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kutunza umeme. Ukiwa kwenye betri irudishe, inasaidia.

Spika za USB zikivuma, chomoa chaja ya laptopu usikilize. Uvumaji ukiisha, spika ni nzima, kelele inatoka kwenye chaja.

Na la mwisho, kinachochomekwa na mtu usiyemjua. Tundu la kompyuta sio umeme tu, ni mlango wa data pia, taa au feni ya mtu inaweza kuwa na kitu kingine ndani na wewe huoni. Mimi nina waya wangu wa kuchaji usio na nyuzi za data, ndo huo nampa mgeni, simu yake inachaji taratibu mno lakini haigusi mafaili yangu na mimi sigusi picha zake. Nina na kile kipima cha USB chenye kioo kidogo kinachoonyesha volti na ampia, bei yake haizidi ya waya mzuri, nakiweka katikati, volti ikishuka chini ya 4.75 au ampia ikipita 0.5 nachomoa, na mwenye kifaa anaona namba mwenyewe hatubishani. Jana kaja dogo na feni mbili.