Kabla ya Kumpokea Mgeni wa Kwanza: Mambo ya Kuzingatia Unaposajili Nyumba ya Kulaza Wageni Zanzibar

Wengi wanaoniuliza habari za kusajili nyumba ya kukodisha kwa watalii huanza na fomu: inachukuliwa wapi, inalipiwa kiasi gani, leseni inatoka baada ya siku ngapi. Mimi huwarudisha nyuma. Nawauliza kwanza, nyumba yenyewe ni ya nani? Na sitaki jibu la mdomo, nataka kuona karatasi.

Nina sababu. Nyumba yetu ya Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, mtaa mzima unajua kuwa ni ya marehemu babu. Tulipoamua kuvikodisha vyumba viwili vya juu, tulipiga chokaa, tukanunua magodoro na vyandarua, tukapiga picha, kisha ndipo tukaenda kuomba leseni. Jalada letu lilirudi siku ile ile. Karatasi zilikuwa bado na jina la babu, na mirathi yake haijafunguliwa tangu alipofariki. Mmoja wa warithi ni shangazi yangu anayeishi Wete, ikabidi nipande boti kwenda Pemba. Nilimkuta ukumbini, kakaa kwenye mkeka anachambua karafuu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akafuta mikono kwenye kanga, akasema: "Mwanangu, mimi sikatai. Lakini mbona mmekuja kwangu baada ya magodoro?" Sikuwa na jibu. Saini yake nilirudi nayo, ila msimu mzima wa watalii ulikuwa umeshatupita.

Kwa hiyo kama nyumba ni ya urithi, anzia hapo. Mirathi ifunguliwe, iwe kupitia Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana au Mahkama ya Kadhi, na warithi wote waandike ridhaa inayomtaja mtu mmoja atakayesaini kwa niaba yao. Usimpite mjane kwa kuwa fungu lake ni thumuni, wala dada kwa kuwa fungu lake ni nusu ya lile la kaka. Fungu dogo ni fungu, na mwenye fungu ana kauli. Humo humo andikeni pesa za wageni zitagawanywa vipi na nani atalipa bati likivuja. Nimeona ndugu wanaopendana wakiacha kusalimiana kwa sababu ya vyumba viwili.

Kama unaishi katika nyumba ya wakf, au ya Shirika la Nyumba, mkataba wako ni wa kukaa wewe na ahali zako. Kuwalaza watalii humo ni kukodisha tena mali ya mwenziwe, na hilo linataka ruhusa ya maandishi. Nyumba ya wakf iliwekwa kwa ajili ya Mungu na wanufaika waliotajwa. Kuila faida yake kimya kimya si jambo dogo, hata kama hakuna atakayekukamata.

Huko pwani, Nungwi, Paje, Jambiani, Makangale, suala ni ardhi. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na tunachokuwa nacho sisi ni haki ya matumizi, inayosimamiwa na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992. Makubaliano ya mauziano yaliyoshuhudiwa mbele ya sheha, yaani kiongozi wa serikali mtaani kwenu, ni ushahidi mzuri, lakini si hati. Na ikiwa kuna mshirika kutoka nje ya nchi anayetoa pesa huku wewe ukitoa jina, simama hapo hapo. Mtu wa nje ana njia yake halali, ya kukodi ardhi na kupitia Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji. Ukimwazima jina lako, deni la kodi na kesi ya ardhi vitakuja kwako, yeye keshapanda ndege.

Karatasi zikishakaa sawa, nenda kwa sheha. Utahitaji barua yake, lakini usiende kwa ajili ya barua tu. Mweleze vyumba vingapi, watu wangapi, nani atakuwa anakaa na wageni, na namba ya simu ipi ipigwe usiku pakitokea jambo. Sheha ndiye atakayefuatwa na jirani kabla hujafuatwa wewe. Wapitie na majirani pia, hasa wa pande mbili za ukuta na wale ambao baraza yao inatazamana na mlango wako. Waambie kabla hawajaona masanduku ya magurudumu yakiburutwa kichochoroni saa nane za usiku.

Sasa jengo. Hapa ndipo nataka ukae zaidi, maana fomu hujazwa kwa siku moja, lakini nyumba mbovu haitengenezeki kwa siku moja. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi yoyote ya kubadili jengo, hata dirisha au kibao cha jina mlangoni, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Wako wanaoona huu ni usumbufu. Mimi sioni hivyo. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na kuta zake hupumua. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chokaa inalainika na ncha za boriti zinaoza mahali usipopaona. Kisha mtu anataka bafu katika kila chumba, na tangi la lita 1,000 juu ya dari. Tangi hilo likijaa ni tani nzima, juu ya boriti zilizokatwa zama za babu wa babu yako. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka, watu wakafa. Lile lilikuwa jengo mashuhuri kuliko yote mjini. Mlete fundi anayejua chokaa, agonge boriti moja moja, halafu ndiyo uzungumze habari za bafu.

Pwani jengo ni jipya, lakini ardhi ni ya maweni. Maji machafu ya shimo lisilojengewa vizuri hupenya kwenye mawe hayo yenye matundu na kuishia kisimani au ufukweni. Jenga karo la kweli, lililo mbali na kisima, na waulize Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira kabla ya kuchimba. Pima pia umbali kutoka maji yanapofika bamvua kubwa, usipime mchana maji yakiwa yamekupwa.

Ushauri wangu: ikague nyumba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Wageni ni wachache, na mvua itakuonesha kila panapovuja.

Kwa upande wa moto, usingoje Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kije kukuambia. Simama katikati ya chumba cha kulala, funga mlango, ujiulize: ukumbi ukiwa unawaka, mgeni atatokea wapi? Nyumba zetu nyingi zina ngazi moja, nyembamba, ya mbao, na madirisha yenye nondo zilizochomelewa kwa kuogopa wezi. Dirisha moja katika kila chumba liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na jiko, mshale wake uwe kwenye kijani, na anayepika ajue kuutumia. Jenereta likae nje, mbali na madirisha. Unguja hupata umeme kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Bara, na walioishi lile giza la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua kwa nini kila nyumba ya wageni ina jenereta. Lakini moshi wake unaua mtu aliyelala. Mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, iwe pahali mgeni anapofika, na waya ziangaliwe na fundi mwenye leseni kabla hujaongeza viyoyozi.

Leseni yenyewe ya kulaza wageni iko chini ya Kamisheni ya Utalii, kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2009. Jina la biashara linasajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na baraza lako la manispaa au halmashauri lina yake pia. Kwa Pemba, anzia Chake Chake. Jina liwe lile lile kila mahali, herufi kwa herufi: kwenye cheti, kwenye akaunti ya benki, na kwenye tangazo la Airbnb. Wala usitangaze kwanza ukidhani utasajili baadaye. Mgeni anapoomba viza huandika atafikia wapi, na nyumba isiyojulikana humtia yeye taabuni kabla yako.

Kodi zina milango miwili, na hapa wengi hujikwaa. Mamlaka ya Mapato Zanzibar hukusanya zile za hapa, pamoja na kodi ya miundombinu inayohesabiwa kwa kila mgeni kwa kila usiku, na inataka risiti za kielektroniki. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na hiyo ni ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kulipa mlango mmoja hakukufutii wa pili. Hesabu zote mbili ziwe ndani ya bei tangu mwanzo.

Daftari la wageni ndilo litakalokuokoa mbele ya wote hao: jina, uraia, namba ya pasi, siku ya kufika, siku ya kuondoka. Andika mgeni akiwa bado amesimama mlangoni, kabla hajapewa chai. Mkumbushe mapema kuwa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, ya dola 44. Bima hiyo ni yake yeye. Haikingi nyumba yako wala mtu atakayeteleza kwenye ngazi yako. Ya nyumba ukate mwenyewe.

Leseni ya kulaza wageni haikupi ruhusa ya kuuza ulevi, kwa hiyo friji ya vinywaji ifikirie kabla ya kuinunua. Karatasi ya maelekezo ya chumbani nayo iseme wazi: mavazi ya heshima nje ya ufukwe, adhana ya alfajiri itasikika, na mwezi wa Ramadhani haliwi mchana barabarani. Wageni wengi hushukuru kuambiwa.

Vivuli vya karatasi zote weka seti tatu: moja nyumbani, moja kwa mrithi mmoja asiyeishi hapo, na moja kwenye simu. Yetu ya pili iko Wete, kwa shangazi, ndani ya sanduku la nguo. Tarehe ya kuhuisha leseni ameiandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya mlango wake, na miezi miwili kabla, hunipigia.