Jinsi ya kuwavuta vijana wa Mtwara kwenye bao kwa kutumia anime

Ukipita Mikindani jioni utawakuta wazee na bao lao barazani, pembeni hapo vijana wameinamia simu wanaangalia Naruto, anime yaani katuni ya Kijapani, na hayo makundi mawili hata hayaongei. Mi naamini wanaweza kukaa ubao mmoja, na njia ipo, Wajapani walishaipita.

Kule kwao kuna mchezo unaitwa go, mawe meusi na meupe kwenye ubao wa mistari 19 kwa 19, na watoto wengi walikuwa wanauona wa wazee tu, vilevile kama bao huku kwetu. Mwaka 1998 ikaanza manga (hadithi ya michoro ya Kijapani) ya Hikaru no Go kwenye jarida la Weekly Shonen Jump, kaandika Yumi Hotta kachora Takeshi Obata, inamhusu mtoto wa shule ya msingi anayekuta ubao wa zamani kwenye stoo ya babu yake na humo kuna roho ya fundi wa go wa enzi za kale. 2001 ikawa anime, vipande 75, na watoto wakakimbilia kujifunza go. Na sio go peke yake, manga ya Captain Tsubasa ya 1981 iliwatia watoto wazimu wa mpira hata kabla Japani haijawa na ligi ya kulipwa, J.League imeanza 1993, na Slam Dunk ikaja kufanya hivyohivyo kwa basketi.

Ila kwa Hikaru kuna kitu watu hawakioni: kipande kikiisha kulikuwa na somo fupi la go, anafundisha Yukari Umezawa, mchezaji wa kulipwa ambaye ndo alikuwa mshauri wa ile manga. Yaani mtoto bado ana moto wa hadithi, hapohapo anaonyeshwa pa kuanzia. Hicho ndo cha kuiga.

Kwahiyo anza na wazee, sio vijana. Nenda barazani, amkia shikamoo, kaa, angalia mchezo hadi uishe ndo useme shida yako, na uombe fundi mmoja mwenye subira aje kufundisha. Usimwambie habari za katuni kwanza, mwambie kuna watoto wanataka kujua bao, atakuja.

Siku nzuri ni Jumamosi au Jumapili alasiri, watoto wakiwa wametoka madrasa, na msimu wa korosho uliza kwanza maana wengine wako shamba na wazazi. Vipande vya Hikaru no Go pakua mapema kwa bando la usiku kwenye huduma halali, uvirushe kwenye TV ya mtu au projekta. Viwili vinatosha, kila kimoja dakika ishirini na kitu. Usiweke vitano, wakichoka hawatagusa kete.

Maandishi ya chini mengi ni ya Kiingereza na watoto wengi hayawaingii, tafuta kijana mwenye mdomo atafsiri hapohapo kama wale ma-DJ wa mabanda ya video, ila aangalie vipande vyote kabla ya siku yenyewe, na pale wachezaji wanapowaza kimyakimya anyamaze, maana ule ukimya ndo unaowafanya watoto wainamie skrini. Na wazazi waambie mapema kwamba kwenye hadithi kuna roho ya mtu aliyekufa, wasije kusikia kwa watoto wakadhani mnafundisha mambo ya mizimu.

TV ikizimwa tu, mbao ziwe tayari zimepangwa. Hamna mbao za kutosha? Chimbeni mashimo mchangani, safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64 za komwe au vijiwe. Anzeni na bao la kujifunza, kila shimo kete mbili. Safu mbili zako, mbili za mwenzio. Unachota shimo moja unasambaza moja moja, ya mwisho ikiangukia shimo tupu umelala, zamu ya mwenzio. Ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete na la mwenzio linalotazamana nalo lina kete, unakula zile zake unazisambaza upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni kabisa la safu yako ya mbele. Akiishiwa kete safu ya mbele kafungwa. Mengine waachie waulize wenyewe.

Wasichana wasiachwe. Baraza la wazee ni la wanaume, binti anapita tu, kwahiyo wao wapangieni uani kwa mama mmoja au darasani shuleni, na waambieni yule mwalimu wa go kwenye TV alikuwa mwanamke. Hela isiwekwe mezani hata shilingi mia, siku kamari ikiingia wazazi watawatoa wote na watakuwa na haki.

Wakishazoea, wapeleke kwenye bao kamili: kete 10 ubaoni, 6 kwenye nyumba (lile shimo maalum la safu ya mbele) na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja kila zamu. Hapo we kaa pembeni, fundi ndo mwenye kazi. Mwombe acheze na mtoto mmoja mmoja kwa nguvu zake zote bila kumwachia, na kila akimfunga amrudishie kete pale alipokosea amwonyeshe.