Jinsi ya kuomba kupimiwa kioo cha boti ukiwa Lindi au Mtwara: agiza vioo vya kuvunjwa siku ileile unayoagiza vya kufunga

Tulikuwa tunarudi Kilwa Masoko kutoka Songo Songo, kusi imeshika, wimbi likapanda omo na kupiga kioo cha mbele cha kabini. Kilikuwa kioo cha kawaida, kama cha dirisha la nyumba. Kikapasuka vipande virefu vyenye ncha, na kimoja kikamchana kijana wetu wa kamba kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono. Alishonwa nyuzi 11. Mkaguzi alipokuja kukiangalia chombo aliniambia: "Mzee wangu, kioo kipya nikikute kimefungwa, na karatasi ya kipimo chake uwe nayo mkononi." Karatasi hiyo ilinichukua miezi minne. Ningeanza kwa mpangilio, ningemaliza ndani ya wiki sita.

Kwanza, kiwango. Usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kwa hiyo muulize mkaguzi kioo chako kipimwe kwa kiwango kipi, na akuandikie. Mimi niliridhika na maneno ya mdomo. Nilipofika maabara swali la kwanza likawa hilohilo, na sikuwa na jibu. Kuna ISO 614, inayohusu vioo vya usalama vya madirisha ya meli. Kuna ISO 12216, ya madirisha ya vyombo vidogo visivyozidi mita 24. Halafu kuna EN 12150, ya kioo kilichopitishwa tanuru kwa matumizi ya majengo, ambayo viwanda vingi vya vioo huifuata. Vipimo vyake havifanani, na maabara haitakuchagulia. Barua ya mistari mitatu yenye jina la kiwango na unene wa kioo inatosha.

Pili, umbo la kioo. Kioo cha usalama kilichopitishwa tanuru mafundi aluminiamu wanakiita tempa. Kioo hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzijoto 600, kisha hupozwa ghafla kwa upepo mkali. Uso wake unabaki umebanwa, tumbo lake la ndani linavuta, na kule kubanwa kwa uso ndiko kunakokipa nguvu. Ndiyo maana kikishatoka tanuruni hakikatwi, hakitobolewi, hakipigwi msasa pembeni. Fundi wangu alikuta kimoja kimezidi milimita 3 kwenye fremu, akajaribu kukisaga kidogo tu. Kilipasuka chote mkononi mwake, kikamwagika chini kama chumvi ya mawe. Kwa hiyo kata kiolezo cha kadibodi ngumu, kijaribishe kwenye fremu ya boti yenyewe, weka alama za matundu yote, acha nafasi ya raba pande zote, ndipo kiolezo kiende kiwandani. Fremu za boti za faiba haziko sawa kulia na kushoto hata zikionekana hivyo. Pima kila upande peke yake.

Sasa hapa ndipo nilipoumia, na ndipo ninapokuomba usome taratibu.

Niliagiza vioo vinne vya milimita 10, vinne kamili kwa madirisha manne. Nikapeleka kimoja maabara nikidhani watakipima na kunirudishia. Dada wa mapokezi akanieleza kwa upole kwamba kipimo cha mpasuko cha EN 12150 kinavunja kioo, na kwamba hawavunji kioo cha boti. Wanavunja sampuli za vipimo maalumu: milimita 1100 kwa 360, vipande vitano, za unene uleule na zilizopita tanuruni pamoja na vioo vyenyewe. Nikarudi kiwandani kuomba vitano. Wakati huo walikuwa wameshahamia kioo cha milimita 6, na zamu ya milimita 10 ingerudi baada ya wiki tatu. Zilipotoka, sampuli zikawa za kundi jingine la tanuru, kwa hiyo hazikuweza kuvisemea vioo vyangu vinne vya mwanzo. Nililipia vyote upya, vinne na vitano. Laki tisa na nusu zilipotea hapo, na karibu miezi miwili.

Kwa hiyo siku ya kuagiza mwambie mwenye kiwanda hivi: vioo vya kufunga, sampuli tano za kuvunja, na kimoja cha akiba, vyote vipite tanuru kwa pamoja, na namba ya kundi iandikwe kwenye risiti. Omba pia kila kioo kipigwe muhuri wa kudumu pembeni wenye jina la mtengenezaji na kiwango. Muhuri huo huwekwa kabla ya tanuru. Ukiukumbuka baadaye umechelewa.

Niliomba kuangalia kipimo, wakaniruhusu kusimama nyuma ya kizuizi. Sampuli inalazwa mezani, inazungushiwa utepe ili vipande visitawanyike, kisha inagongwa kwa ncha ya chuma katikati ya upande mrefu, milimita 13 kutoka ukingoni. Mlio wake ni mfupi, na kioo kizima kinageuka cheupe kwa mara moja. Kisha wanaharakisha, kwa sababu hesabu inatakiwa ikamilike ndani ya dakika chache. Wanatafuta sehemu yenye vipande vikubwa kuliko kwingine, wanaweka fremu ya milimita 50 kwa 50 na kuhesabu kimoja kimoja. Kwa kioo cha milimita 4 hadi 12 vinatakiwa visipungue 40. Changu kilitoa 63. Nilichukua kimoja nikakiminya kwa kidole gumba. Hakikunichana.

Kipimo cha ISO 614 ni kingine kabisa. Kile hakikusudii kuvunja: kioo chenyewe cha boti kinakalishwa kwenye kiegemeo, chuma kinakisukuma katikati kwa nguvu iliyopangwa, na kisipovunjika kimefaulu na kinaenda kufungwa. Kama mkaguzi ameandika kiwango hicho, peleka vioo vyenyewe. Ndiyo maana nasisitiza ile barua ya mwanzo.

Kuhusu maabara, TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, wana ofisi ya kanda Mtwara, na maabara zao kuu ziko Ubungo, Dar es Salaam. Anza kwa kuuliza hapo. Popote utakapoelekezwa, piga simu kwanza uulize kama mashine ya kipimo chako ipo na inafanya kazi wiki hiyo. Barua ya maombi, kumbukumbu namba ya malipo, kulipa kwa simu au benki: hayo unayajua.

Usafiri usiudharau. Kioo hiki kinavumilia kugongwa katikati lakini ukingo wake ni dhaifu, pigo dogo la jiwe au la nati kwenye kona linakimaliza. Kisafirishe kimesimama, ndani ya kreti ya mbao, blanketi kati ya kioo na kioo, kona zikiwa zimevikwa raba. Mimi nilipandia basi Nangurukuru na nikakaa na kreti hadi Dar es Salaam. Kama ni msimu wa mvua, ulizia kwanza hali ya barabara pale Somanga.

Ukikabidhiwa cheti kisome hapohapo dirishani. Changu kiliandikwa unene wa milimita 8. Niliona nikiwa tayari stendi, na kurekebishwa kukachukua siku sita. Linganisha unene, namba ya kundi, jina la kiwango na jina la chombo na karatasi ulizonazo.

Wakati wa kufunga, kioo kisiguse chuma wala skrubu mahali popote, kikae kwenye raba tupu. Muhuri uonekane. Fundi wangu aliufunika kwa silikoni na mkaguzi akakataa kusaini hadi tuikwangue. Ukivaa miwani ya jua ya polaroidi na kukiangalia kioo jua likiwa limeinama, utaona madoa na mistari ya kivuli ndani yake. Hiyo ni dalili kuwa kimepita tanuruni, ingawa haichukui nafasi ya cheti.

Anza mwezi Desemba, kaskazi ikiwa bado inavuma. Ukifuata mpangilio huu, kufikia Machi utakuwa umefunga vioo na kukaguliwa, kabla kusi haijaanza kupiga.