Ukishaichoma dawa ya biashara, jiandae kwa Januari

Nauza unga soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, na kanisani nimepewa kazi ya kukaa na akina mama wafanyabiashara waliookoka. Wengi wao wametoka kwenye jambo lile lile: dawa ya kuvuta wateja. Kuna aliyeifunga kwenye kitambaa akaificha chini ya gunia, kuna aliyechanjwa mikononi. Siku ya kuokoka kuiacha ni rahisi, moyo unawaka. Kazi inakuja baadaye, wateja wakipungua.

Kwanza itoe yote. Usiende kuitupa mtaroni usiku peke yako, maana utakumbuka ulipoitupa. Ilete ichomwe mchana, watu wawili watatu wakiona. Waefeso walichoma vitabu vyao vya uganga mbele ya watu wote. Matendo 19:19 inataja thamani yake, fedha 50,000, na hatusomi kwamba kuna aliyeshauri viuzwe ili pesa iingie kwenye sadaka. Chale ziache, ni makovu tu. Mtu asikukwangue ngozi wala kukuchanja upya kwa jina la Yesu.

Kama mganga anakudai, mlipe, ukiwa na mtu wa kukusindikiza. Wapo kanisani wasiokubaliana nami hapa. Lakini mtu anayekudai ana sababu ya kupita kwenye meza yako kila wiki, na mimi sitaki apite.

Sasa Januari. Sikukuu zimekula pesa, mvua inanyesha, mahindi mapya bado yako shambani, unga umepanda bei, na mteja wa meka mbili, kile kipimo chetu cha unga, ananunua moja. Watoto nao wanadaiwa pesa ya masomo. Hapo ndipo jirani wa sokoni atakuinamia akuambie, "Mama, zamani wewe ulikuwa unauza sana!" Waisraeli jangwani walikumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri, soma Hesabu 11, matofali ya utumwa hawakuyataja. Kwa hiyo chukua daftari mapema, uandike dawa ilikula nini: pesa ya mganga, kuku, safari za mbali, usingizi, na yule dada yako uliyeacha kumsalimia kwa sababu uliambiwa ndiye anayekuloga. Hilo la dada liandike juu kabisa. Jirani akianza habari za zamani, ukifika nyumbani fungua daftari usome.

Tena ingia likelemba, ule mchango wa pesa mnaopokea kwa zamu, na uombe zamu yako iangukie Januari. Najua haisikiki kama neno la kiroho. Lakini akina mama niliowaona wakirudi kwa mganga, wengi walisukumwa na pesa ya masomo kuliko na mapepo.

Kuna kurudi kwingine, na huko ndiko kunakonitia hofu zaidi, kwa sababu mtu anarudi akiimba. Tunapenda kuwasomea walevi Wagalatia 5:1, ile ya kutonaswa tena chini ya kongwa la utumwa. Soma aya inayofuata. Paulo aliwaandikia Wakristo waliokuwa wanaambiwa kwamba Kristo peke yake hatoshi, lazima watahiriwe. Kwetu tohara hiyo inakuja kama chupa ya mafuta ya kupaka meza alfajiri, maji yaliyoombewa ya kunyunyiza mlangoni, bahasha ya kufungua riziki. Sisemi mafuta ya Yakobo 5, mgonjwa anapoita wazee wamwombee. Nasema ile chupa ambayo bila hiyo unaogopa kufungua meza. Ukiogopa hivyo, umebadilisha mganga tu. Jipime: iache nyumbani wiki nzima, uuze. Ukishindwa, ilete nayo ichomwe.

Na mwenzako akirudi kwenye dawa? Asitangazwe mbele ya kanisa. Wagalatia 6:1 inasema arejezwe kwa roho ya upole, na upole sokoni una namna yake: nenda kwenye meza yake saa ambayo watu ni wachache, nunua kitu, mpe bei yake bila kubishana, kisha uulize bado anadaiwa kiasi gani shuleni. Habari ya dawa mwachie aianze mwenyewe. Na msimtoe kwenye likelemba.