Kabla ya kuitisha mkutano wa usafi: yawe tayari haya

Kampeni nyingi za usafi huharibika kabla kipaza sauti hakijawashwa. Watu wanahimizwa kunawa kwa sabuni, kisha wakitoka mkutanoni wanakuta choo hakina maji wala sabuni. Anzeni kwa kutembea, hotuba itangoja.

Tembeeni eneo lote alfajiri, mkiongozwa na wenyeji, maana saa hizo ndipo vijia vya kwenda vichakani vinapojitokeza. Kwenye kila choo tazama mlangoni: nyasi zikiwa zimeota pale, choo hicho kipo kwa ajili ya wageni na wakaguzi tu. Je, tundu lina mfuniko? Kinyesi cha watoto kinatupwa wapi? Wazazi wengi hudhani hakina madhara, kumbe kinaambukiza sawa na cha mtu mzima. Pimeni pia umbali kutoka shimo la choo hadi kisimani. Usipungue mita 30, na kwenye mchanga au miamba yenye nyufa uongezwe. Kina cha shimo nacho kina mpaka: chini yake kubaki angalau mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini, yakipimwa wakati wa masika yanapopanda.

Mliyoyaona ndiyo yachague ujumbe. Mambo mawili yanatosha. Ukileta kumi, watu hawaondoki hata na moja. Kama ni kunawa mikono, taja nyakati zenyewe: baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kula na kulisha. Sekunde 20, pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha.

Kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, kiwepo siku hiyo, na kiwe kimejaribiwa. Chukua dumu la lita 5, litoboe kwa msumari uliopashwa moto, kama sentimita 12 chini ya mdomo. Lining'inize kwenye mti wa kulala uliopitishwa mkononi mwa dumu, kisha funga kamba kutoka shingoni hadi kijiti cha kukanyagia. Maji yaishie chini ya tundu, la sivyo yatadondoka mchana kutwa. Tundu likiwa kubwa, dumu litakauka kabla watu hawajamaliza foleni. Kamba ikilegea, watu watalishika dumu kwa mikono michafu na faida yote imekwenda. Chini mwaga kokoto, pasiwe na tope.

Sabuni ya kipande hulowa au hutoweka. Afadhali maji ya sabuni: gramu 30 za sabuni ya unga katika lita 1.5 za maji, kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Mapema kabisa, mteue kwa jina mtu wa kujaza maji na sabuni kila siku. Likiachwa jukumu la wote, wiki ya pili dumu ni kavu.

Saa ya mkutano waulizeni wanaochota maji na kulea watoto, kwa sababu wao ndio watakaoyafanya haya.

Tarehe ya kurudi kukagua ipangwe sasa, kama mwezi mmoja baadaye. Siku hiyo msiulize watu kama wananawa, maana wote watasema ndiyo. Tazameni kama ardhi chini ya dumu ina unyevu na chupa ya sabuni imepungua.